Yah: Kupinga Kuuzwa kwa Mashine Yetu ya Plazma

Kwa kaka yangu mpendwa, uliyeko Dodoma,

Shikamoo. Dhumuni la barua hii nalitamka bila kificho: napinga agizo lako la kuiuza mashine yetu ya kukatia chuma. Naiandika wazi kwa kuwa majirani wa karakana hapa Kaloleni walilisikia agizo. Ni haki walisikie na jibu.

Nakumbuka ulivyoichomelea meza yake, mimi nikishika fremu nawe ukinikemea: "Shika sawa wewe! Tunajenga meza, siyo banda la mbuzi!" Mchungaji alipokubali kuja kuiombea, uliipaka yote rangi ya kijani, hadi vile vyuma vya mezani vinavyobeba pleti, bamba la chuma linalokatwa. Siku ya maombi ulisimama kando yake kama bwana harusi.

Nakumbuka pia aibu yetu. Upande wa mlangoni tochi, mkono wa mashine unaotoa moto wa kukatia, ilikata vizuri. Upande wa ukutani ilijishusha na kuigonga pleti, nozo ya ncha yake ikaharibika. Mama Nuru, muuza chai wetu, hakuacha kuuliza, "Mabwana, leo imeshakula nini?" Mwanzoni ulicheka. Pambo la geti la kanisa lilipoharibika, hukucheka tena. Ukaenda zako kutafuta kazi, na wiki iliyopita ukanipigia simu, spika ikiwa wazi mbele ya watu: "Mdogo wangu, hiyo mashine ina mkosi. Fungua bolti, uza."

Kaka, haina mkosi. Kidhibiti cha kimo cha tochi hakina macho. Husoma volti tu. Tochi ikipanda juu ya pleti, volti hupanda, nacho huishusha. Basi nikajiuliza: je, kama volti zinapanda na tochi haijapanda?

Niligusisha ncha moja ya mita ya kupimia volti kwenye klempu ya athi, ile inayobana meza ili umeme urudi, na ncha ya pili kwenye pleti. Wakati wa kukata, hapo panapaswa kusoma karibu na sifuri. Upande wa ukutani pakasoma volti kumi na mbili. Ni rangi yako, kaka. Mlangoni, tunakokata kila siku, moto ulishaiunguza. Ukutani ilikuwa inang'aa kama siku ya maombi, ikiuzuia umeme kupita. Volti hizo kidhibiti kilizijumlisha na za tochi, kikadhani iko juu mno.

Nimeisugua kwa grainda, na moyo ukaniuma. Klempu sasa naibana kwenye pleti yenyewe. Pambo la kanisa nimelikata upya, palepale ukutani, na tochi haikugusa popote. Mama Nuru alisimama na chupa yake ya chai: "Mbona leo haili? Imefunga?" Nilitamani uwepo ucheke.

Miguu ya meza nimeiacha na kijani chako. Mnunuzi uliyemtuma nimemrudisha, na nitamrudisha tena. Mkono ulioishika fremu ile hautaifungua. Ukiona ni lazima iuzwe, njoo na spana yako, uitazame kwanza ikikata, kisha uifungue wewe.

Naomba uamuzi wako kwa maandishi: mashine ibaki, au unakuja kuifungua.

Mtiifu wako katika yote isipokuwa hili,
Mdogo wako