Kahawa ya mama mkwe iko foleni

Cleophace, nipongeze, rafiki yako ni mtaalamu. Nimezima seva ya chama cha kahawa bila kuangalia kama kuna data bado ziko foleni kwenye memori, hazijafika kwenye diski.

Adelard, mwenzangu wa ofisini, aliniuliza, "Foleni umeitazama?" Nikamjibu, "Ya nini, programu imeshaandika." Imeshaandika. Maneno yangu mwenyewe.

Rekodi za kilo za kijiji kizima cha Kihanga zimepotea, na kahawa yenyewe imeshaondoka na lori.

Kwenye mkutano wa wakulima akasimama nani? Mama yake Liliane wangu, mama mkwe, ambaye kwa heshima hata usoni simtazami.

Nikamwambia, "Shikamoo mama. Kahawa yako ilipokelewa, ila ilikuwa bado foleni."

Akajibu taratibu, watu wote wakisikia, "Na Liliane unayeishi naye, kanisani utampeleka lini, au naye bado yuko foleni?"