Sikukubali, Nilinyamaza Tu

Ankadivelona, mji wa chini
Jumatatu, 4 Juni

Kwa mdogo wangu Solofo,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo, mkeo Bakoly hajambo, na kile kikohozi cha watoto kimelegea, maana baridi ya mwaka huu si ya mchezo. Sisi huku chini wazima. Magoti yangu yanauma asubuhi, yakipata jua yananyamaza.

Barua hii naiweka ndani ya kapu la nguo zako safi, chini ya shati la bluu. Simu nimekupigia mara nne, na mara nne umeniambia, "Dada, niko kikaoni, nitakupigia." Kapu angalau linafika mpaka chumbani kwako.

Nguo hizi nilizifua Jumamosi, na ndiyo mara ya mwisho kufua bandani. Leo alfajiri tumekuta mlango wa banda la kufulia umefungwa mnyororo, na karatasi juu yake. Perline, mwenye macho mazuri kuliko sisi, akatusomea. Bomba la banda limechakaa na fedha za kulitengeneza hazitoshi. Fedha zilizopo zitajenga jina la mji kwa herufi za zege juu ya kilima, zenye taa, ili wageni wanaopita barabara kuu wajue wamefika wapi. Na chini kabisa: madiwani wote wamekubaliana.

Wafuaji tuko kumi na wanne. Jina la mji lina herufi kumi na mbili. Perline akasema, "Kila herufi inameza mwanamke mmoja, halafu wawili wanabaki kuomboleza." Tukacheka. Lakini Mama Razafy, yule mkubwa wetu, hakucheka. Aliniuliza, "Hao wote, mdogo wako naye yumo?"

Nikamjibu nitauliza. Sasa nauliza. Hao wote, Solofo, nawe umo? Wewe uliyekuwa unalala ndani ya kapu kando ya karo la tatu la bandani, Mama akifua mashuka ya watu ili upate viatu vya shule? Nijibu vizuri, maana huku chini wananisubiri mimi.

Dada yako,
Vololona


Mji wa juu
Alhamisi, 7 Juni

Kwa dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, kikohozi kimepungua. Barua nimeipata, inanukia sabuni ya mche.

Usikasirike kabla hujanisikiliza. Fedha ni chache, Dada. Mwaka huu mji umepata za kufanya jambo moja tu, na mezani yalikuwepo matatu: bomba la banda, choo cha soko, na hizo herufi. Meya, Bwana Ralaivao, alisimama akaomba radhi kwa kusema mbele ya waliomzidi umri, akawashukuru mababu, akazunguka weee, karibu saa nzima, mpaka akafika kwenye kilima. Alisema bomba na choo kila mji unavyo, ila jina linalowaka juu ya kilima tutakuwa nalo sisi peke yetu. Kisha akauliza, "Kuna mwenye neno?" Hakukuwa na mwenye neno. Katibu akaandika wote.

Mimi sikukubali. Nilinyamaza tu. Unajua kwetu ilivyo. Mzee akishamaliza kusema, aliye mdogo hasimami kumkatalia mbele za watu. Anamalizia kikombe chake cha maji ya ukoko wa wali, anaaga, anakwenda kwake. Pale barazani mimi ndiye mdogo kuliko wote, tena mtoto wa mfuaji, na hilo wanalijua hata wasipolitaja.

Lakini sijakusahau. Nimeongea na mtu anayeuza mashine za kufulia. Kabla ya Krismasi nitakununulia moja, utafua umekaa kitako.

Mdogo wako,
Solofo


Mji wa chini
Jumatatu, 11 Juni

Solofo mdogo wangu,

Marahaba. Afya yangu ni ile ile. Ya moyoni utayasoma.

Mashine yako mpe Bakoly. Umeme wa huku chini unakuja mchana unachungulia na kuondoka. Maji nitayatoa wapi ya kuilisha? Na wenzangu kumi na watatu utawanunulia nini? Mtu anaombwa mlango ufunguliwe, yeye anajibu kwa kutoa zawadi. Nani alikufundisha hayo, kwa maana si Mama.

Hukukubali, ulinyamaza tu. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta tofauti ya hayo mawili, sijaiona. Mnyororo haukuniuliza kama umefungwa na waliosema ndiyo au na waliofumba midomo.

Sasa tunafua mtoni. Juu ya machinjio kuna mashamba ya mpunga, wenyewe wametufukuza na sabuni zetu, na ni haki yao. Kwa hiyo tunafua chini ya machinjio, mahali maji yanapopita na mambo yake. Nakueleza ujue unavaa nini. Shati lako jeupe la vikao nimelisuuza mara tano. Kwenye kola kuna doa la rangi ya chai. Usimwambie Bakoly alifue tena, hana kosa. Livae hivyo hivyo ukae nalo mezani, uone kama mtu atakuuliza.

Ningekuwa na hasira kidogo ningekuja kukugombeza. Hasira niliyo nayo ni kubwa kuliko hiyo, ndiyo maana naandika nikiwa nimekaa.

Dada yako,
Vololona


Mji wa juu
Jumatatu, 2 Julai

Dada,

Shikamoo. Hali yako? Wiki tatu kapu la nguo mlilochukua halijarudi, wala sijaona barua. Barua hii nimempa Bakoly akuletee sokoni. Nguo zetu anafua mwenyewe uani, na hanisemeshi.

Nimesikia Mama Razafy ameteleza mtoni. Nimeumia sana. Mpe pole yangu.

Nimesikia pia kwamba mkutano wa wananchi wa tarehe 14 mtakuja kusema. Ni haki yenu. Ila nakuomba jambo moja. Ukisimama, anza kama inavyotakiwa. Omba radhi kwa wazee, omba radhi kwa kuwa mwanamke kati ya wanaume, omba radhi kwa yote uliyokosea na utakayokosea. Ukiruka hapo, hata ukisema kweli tupu hawataisikia. Au niruhusu nimtafute mzee mmoja mwenye ulimi mzuri awasemee. Unajua ninaishi nao.

Mdogo wako,
Solofo


Mji wa chini
Alhamisi, 5 Julai

Solofo,

Marahaba. Salamu kwa Bakoly, mwambie maji ya uani yanatosha akianza na nguo nyeupe.

Mama Razafy hakuteleza tu. Alivunjika mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Tulimbeba kwenye mlango tuliouazima kwa mchinjaji. Njia nzima alikuwa anatuomba radhi kwa kutuchosha. Mwanamke ana miaka sitini na nane, mfupa umetoka mahali pake, naye anatuomba radhi sisi.

Nikajiambia hapohapo kwamba mimi nimemaliza. Nimeomba radhi tangu nimejua kusema. Nikipeleka nguo zilizochelewa kukauka kwa mvua, naomba radhi. Mwenye nguo akisahau kunilipa, naomba radhi kwa kumkumbusha. Huyo mzee mwenye ulimi mzuri mbakishie harusi.

Tutakuja, na tutasema wenyewe.

Dada yako,
Vololona


Mji wa juu
Jumatatu, 16 Julai

Dada,

Shikamoo. Sitakuuliza hali, nilikuona juzi una nguvu zako zote.

Ungeniambia mnakuja na makapu. Wanawake kumi na watatu mnaingia ukumbini na nguo chafu za madiwani, mnazipanga mstari mbele ya meza kuu kila mtu akiona soksi zake. Kisha ukasimama. Ukumbi mzima ulingoja uombe radhi. Mimi niliyasoma maneno yale moyoni kwa niaba yako. Ukasema, "Mimi ni Vololona. Nafua nguo zenu." Basi. Watu wakakodoa macho, nawe ukasema, "Tumewarudishia kama zilivyo. Zikafuliwe na herufi."

Mtu nyuma alicheka akaziba mdomo kwa shuka alilojitanda. Bwana Ralaivao hakupandisha sauti. Aliuliza polepole, "Huyu hana ndugu wa kumfunza?"

Wote wakanigeukia. Unajua nilifanya nini kwa sababu ulinitazama nawe. Nilitazama meza. Na alipouliza ukumbi kama kuna mwenye neno, niliendelea kuitazama.

Umeniaibisha mbele ya mji mzima. Kapu langu lilikuwa la nne, na ulilibeba wewe mwenyewe, si Perline wala mwingine. Tangu juzi nalifikiria hilo kapu. Ungemwachia mtu mwingine alibebe.

Solofo


Mji wa juu
Jumatano, 15 Agosti

Kwa dada yangu mkubwa Vololona,

Shikamoo. Mwezi mzima hujanijibu, na sikulaumu. Natumaini u mzima, na magoti yanapata jua. Hata usiponijibu, isome hii mpaka mwisho.

Jana baraza lilikaa kuidhinisha zege la herufi zilizobaki. Nilivaa shati jeupe, lile la doa. Mzee Rakotobe anayekaa kushoto kwangu alinusa mara mbili, akasogeza kiti. Meya akasema yake, akauliza, "Kuna mwenye neno?"

Nikasimama. Magoti yangu mimi ndiyo yaliyokuwa yanauma. Niliomba radhi, Dada, kirefu kama inavyotakiwa, lakini si kwao. Nilikuomba radhi wewe kwa jina lako lote, na Mama Razafy pamoja na mkono wake, na Mama yetu. Kisha nikasema, "Mimi sikubali. Na mwezi wa tano sikukubali, nilinyamaza tu."

Katibu akauliza aandike nini. Hajawahi kuandika wote isipokuwa mmoja. Alishika kalamu akaitazama kama ya kuazima. Ndipo Mzee Rakotobe akakohoa. Akasema, bila kusimama, "Mimi pia nilinyamaza tu." Na aliye mbele yake akasema, "Basi na mimi." Tuko tisa, Dada. Tulipohesabu, saba tulinyamaza tu. Wa nane alidhani sisi tunazitaka hizo herufi.

Akabaki Meya. Uso wake sitausahau. Alisema wazo lile aliletewa na mgeni mmoja kutoka mji mkuu, aliyekula kwake chakula cha mchana, na aliona vibaya kumkatalia mgeni mezani.

Fedha zilizobaki zinakwenda kwenye bomba. Hazitoshi makaro yote. Mnyororo unafunguliwa Jumamosi.

Mdogo wako, ukinikubali,
Solofo


Mji wa chini
Jumatatu, 20 Agosti

Solofo mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Wasalimie Bakoly na watoto.

Maji yametoka kwenye makaro manne kati ya kumi. Tunafua kwa zamu, wengine wakisubiri kwenye nyasi. Mlangoni tukiinua macho tunaona kilimani zile herufi sita zilizokwisha simama, nusu ya jina la mji. Perline anasema mgeni atajua amefika, ila hatajua wapi.

Wenzangu wamefurahi, na mimi nimefurahi nao. Lakini hasira yangu haikupoa kwa barua yako. Iliongezeka. Mtu aliyezitaka herufi ningegombana naye, nikachoka, nikamsamehe. Kumbe hakuna aliyezitaka. Tumefungiwa maji miezi miwili na nusu na watu tisa wenye adabu. Mama Razafy wamemfungua bandeji juzi. Mkono haunyooki, hakamui tena hata taulo. Nimemsomea barua yako yote. Nilipofika mahali pa wale saba walionyamaza alicheka, kisha akalia, kisha akaniomba radhi kwa kulia.

Ulichosema barazani nimekisikia, na nimekipokea. Kapu lako nakurudishia tupu. Nguo zako sizifui tena, wala Bakoly asizifue. Jumamosi shuka nazo mwenyewe, mchana, watu wakiona. Karo la tatu, la Mama, lina maji, na zamu yangu nimekuachia.

Lile shati jeupe usihangaike nalo. Nimefua miaka thelathini, doa linalotoka nalijua. Hilo halitoki. Livae kila kikao.

Dada yako,
Vololona