Mama Amekuja Kuweka Dhamana

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta imekufa! Saa tatu asubuhi, ukurasa wa 188, katikati ya sentensi ya malkia wa nyuki — tik! — giza. Nikibonyeza kitufe, feni inazunguka mara moja, inalala. Nimebonyeza mara arobaini. Mtu mzima, na digrii yangu.

Fundi simu wa ghorofa ya chini amepanda kuja kuisikiliza. Pawa saplai, kasema, kile kisanduku kinacholeta umeme ndani. Diski haina neno. Fungua basi! Kaniuliza ina miezi mingapi. Minane. Bisibisi ikarudi mfukoni: nyuma kuna stika, ndiyo muhuri, ikibanduliwa tu dhamana ya mwaka mzima kwisha.

Kwa hiyo kitabu cha kwanza kitakachobeba jina langu, mwongozo wa kufuga nyuki ninaoutafsiri, kimo ndani ya boksi ninaloruhusiwa kulipangusa tu. Nakala? Nilipanga kuitoa tangu mwezi jana. Mipango si matumizi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepigia kampuni. Muziki, dakika hamsini. Kisha dada mpole akanishauri niizime na kuiwasha. Dada, haiwaki! Akasema basi hatua ya kuzima tumeshaimaliza. Nijaze fomu kwenye tovuti. Kwa kompyuta ipi? Hapo akacheka, angalau ni binadamu. Niipeleke Alhamisi. Muhuri ukiwa mzima, wanabadilisha pawa saplai papo hapo. Ukiwa umeguswa, mashine inakwenda makao makuu, wiki sita, na diski inafutwa. Ndio utaratibu.

Mchapishaji: mwisho Ijumaa. Ikipita, kazi anapewa mpwa wake. Huyo ndiye aliyemtafsiri malkia wa nyuki kuwa "mke wa mfalme".

Mama kapiga katikati ya hayo yote. Nikamwambia siwezi kuongea, nahangaikia dhamana, Alhamisi ndiyo siku yenyewe. Akashusha sauti. Kisha: nisiseme lolote kwa mtu yeyote mpaka afike. Simu ikakatika. Afike wapi?

Jumatano, 5 Machi

Kafika saa mbili asubuhi. Blanketi, sabuni, ndala, na kitambulisho mkononi.

"Wamekuachia lini?"

Kumbe! Dhamana kwake ni moja tu, ile ya polisi. Ameshamtoa mjomba mara mbili. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka, maana mama wadogo wote wameshaarifiwa. Nimemweleza: anayesubiri kutoka si mimi, ni kitabu, kimefungiwa mle ndani.

"Sasa si ni yaleyale?"

Nikamwekea chai.

Mchana nimekwenda kumwomba mchapishaji siku moja zaidi. Kagoma. Nimerudi, nyumba inang'aa, hata boksi la kompyuta, mbele na nyuma. Mama yangu hawezi kukaa bure. Nimemshukuru sana.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika kwenye benchi la kampuni. Mama yuko kando yangu.

Karani kaligeuza boksi. Muhuri uko wapi? Nikamwambia upo, naapa. Akanionyesha. Pasafi kama sahani! Na mimi jana nikashukuru!

"Kile kikaratasi?" Mama huyo. "Kilikuwa kimeshika vumbi, pembe imenyanyuka. Nikakibandua. Lakini sikukitupa."

Akafungua pochi. Kitambulisho chake kilianza kuachana plastiki miaka mingi iliyopita. Sasa kimeshikana vizuri sana, kwa stika ya rangi ya fedha. Chini ya kidevu chake pameandikwa: IKIBANDULIWA DHAMANA IMEKUFA.

Karani akasoma. Akamwangalia mama. Mama akamsukumia kitambulisho juu ya kaunta.

"Mimi ndiye mdhamini, baba. Kosa ni langu. Nishike mimi, mwachie mwanangu kitabu chake."

Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia.

Karani kachukua kitambulisho, kaingia kwa bosi. Nawaona kwenye kioo. Wanakiinua, wanalinganisha namba ya stika na karatasi zao. Wanacheka, lakini kicheko cha namna gani sijui. Dakika ishirini sasa.

Mama kaniuliza kama bosi huyo ana mama. Nimesema sijui. Kasema kila mtu anaye, akanyanyuka, akachomoa leso yake. Hawezi kukaa bure. Anapangusa kaunta yao. Juu yake kuna kompyuta tatu za wateja, migongo imetazama huku, kila moja na stika yake, na ile ya katikati pembe imenyanyuka.

Mama! Mama, mikono —