Mkono wa Kushoto wa Rodion

Jumatano, 14 Juni

Juzi nilikabidhiwa shahada yangu ya elimu ya viungo: jalada jekundu, daraja la juu kabisa. Leo nimeachwa.

Si mapenzi. Laiti yangekuwa mapenzi! Rodion na mimi tumeteleza kwenye barafu kama jozi tangu utotoni. Mikono yake naijua kuliko yangu. Asubuhi hii Taisiya Lvovna, kocha wetu, aliniita pembeni mwa uwanja. Hakuvua hata glavu. Akasema kuanzia kesho Rodion atateleza na Mila. Mila! Ana miaka kumi na saba, mwepesi kama kishada.

Niliuliza sababu. Aliyejibu ni Rodion mwenyewe, huku akifuta barafu kwenye visu vya viatu vyake.

"Profesa, umeongezeka. Uzito ukizidi, mkono utafanyaje? Si wewe uliyesomea hayo?"

Mwongo! Mwezi Aprili, aliponinyanyua juu ya kichwa chake, mimi sikuyumba. Kilichoyumba ni kifundo cha mkono wake wa kushoto. Kina hitilafu tangu majira ya baridi, na anayelijua hilo ni mimi peke yangu. Aliniomba nisimwambie kocha. Nikanyamaza, kama wanajozi wanavyonyamaziana. Nilianguka kwa kichwa. Nilitapika hadi nyongo. Naye akawaeleza watu kwamba nilipinda mgongo nikiwa juu.

Nikisema leo, nani atamwamini mwanamke aliyeachwa?

Sitalia. Nitalipiza — na nitalipiza kwa utaratibu.


Jumatatu, 11 Septemba

Nimepata mwenzi mpya: Savva, kutoka Chelyabinsk. Mabega kama mlango wa ghala, mikono imara, adabu haba.

"Dada, mbona kila ukitua unamtazama yule jamaa?"

"Simtazami."

"Basi shingo yako ina kasoro. Muone daktari."

Nikaona ni heri nimweleze kinaganaga. Taisiya Lvovna anatufundisha sote, jozi zote mbili, kwenye barafu ile ile. Fainali ya Kombe ni Desemba, huko Kazan. Kati ya jozi zetu mbili za hapa Perm, itakayomaliza juu ya mwenzake ndiyo itakayoingia timu ya taifa; nyingine itarudi nyumbani kufundisha watoto wa chekechea kusimama. Nataka siku hiyo Rodion alazimike kuinua kichwa ili anione.

Savva alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hilo tu? Kunyanyua ndiyo kazi yangu, dada!"

Nimeanza kumpenda mtu huyu. Kikazi.


Alhamisi, 16 Novemba

Siku tamu!

Muziki wa jozi ukipigwa mazoezini, njia ni yake na wengine wote wapishe. Ndiyo sheria, na ni ya tangu zamani. Mpangilio wetu mpya nimeuchora mwenyewe, na unapita pale pale kwenye kona ambako Rodion hupenda kumrusha Mila. Leo, kila alipokusanya mwendo, muziki wangu ulikuwa ukilia. Akasimama. Akatupisha. Akasimama tena.

"Profesa, barafu yote hii huioni ila hapa nilipo?"

"Muziki wangu, Rodion."

Savva naye, akipita kwa nyuma: "Pisha njia, mzee, gari la mizigo hili!"

Mila aliniomba radhi kwa kunizuia. Aliinamisha kichwa kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Nikampita. Sina ugomvi naye, lakini sina pia la kumpa.


Ijumaa, 22 Desemba. Kazan

Programu fupi imekwisha. Rodion na Mila wa pili. Sisi wa tatu, nyuma yao kwa sehemu tu ya pointi. Kesho programu ndefu, ndiyo ya mwisho.

Lakini hayo si habari. Habari ni hii: wakati wa chakula cha jioni Rodion aliinua glasi ya chai kwa mkono wa kulia. Yeye ni wa kushoto! Anaandika kwa kushoto, anakula kwa kushoto, anasalimia kwa kushoto hadi watu wanamnunia. Mkono wa kulia aliutumia wakati ule tu, majira ya baridi, kifundo kilipomuuma.

Na programu yao inafungwaje? Mila juu angani, mbele ya majaji, amebebwa kwa mkono mmoja. Wa kushoto.

Hatimaye! Mbele ya kamera zote, mbele ya wakuu wa timu ya taifa! Sikuhitaji hata kuinua kidole. Nilikula kabichi sahani mbili kwa furaha.

"Unacheka nini?" Savva aliuliza.

"Fizikia."


Jumamosi, 23 Desemba

Naandika katika chumba cha kuvalia, viatu vimeshafungwa. Huandika kabla ya kila shindano ili kutuliza mikono.

Mazoezini asubuhi Rodion hakumnyanyua Mila kwa mkono mmoja hata mara moja. Walipofika mahali pa kunyanyua, walipita wakiwa wameshikana mikono kama watu wa matembezini. Kocha alipouliza, alisema anatunza nguvu. Chini ya mkono wa kushoto wa shati lake niliona ukingo wa plasta. Mweupe. Kocha hakuuona. Au hakutaka kuuona.

Ukumbini tukakutana, yeye na mimi. Kwetu hatutakiani heri kabla ya shindano. Tunatakiana mikono mitupu, na anayetakiwa hujibu kwa kumtuma mwenzake kwa shetani.

"Urudi mikono mitupu, Profesa," akasema.

"Nenda kwa shetani, Rodion."

Sijawahi kuitimiza desturi hiyo kwa moyo mweupe namna ile.

Kisha nikaingia humu, nikaketi, nikajaribu kukiona tena kile nilichokifurahia jana: Rodion akianguka. Sikukiona. Hilo sikulipigia hesabu, mimi na jalada langu jekundu. Katika mchezo wetu mwanamume hukosea. Anayeanguka ni mwanamke. Rodion atabaki wima. Atamwinamia kwa huzuni, kamera zikimwangalia, na baadaye atasema Mila alipinda mgongo.

Nikinyamaza, timu ya taifa ni yangu. Nikisema, wataubadilisha ule unyanyuaji wa mwisho uwe wa mikono miwili, watapoteza pointi, na huenda timu ikawa yangu vilevile — lakini kila mtu atasema mwanamke aliyeachwa alimtia mtoto sumu masikioni dakika ya mwisho. Au wataubadilisha na bado watushinde. Rodion kwenye jukwaa, juu yangu, kwa msaada wangu! Afadhali nife.

Mila ameketi mbele yangu. Amefunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena.

"Dada Agniya, naomba kukuuliza kitu. Rodion amesema nisimsumbue kocha."

"Uliza."

"Ameniambia leo nikiwa juu, nikisikia mkono unatetemeka, nijikaze, nisipinde mgongo. Sasa mbona mkono utetemeke?"

Nikashika kalamu. Sijui kingine cha kushika.

"Na wewe dada," akasema, taratibu, "mgongo wako ulipinda kweli?"

Tangu Aprili hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Hakuna! Si kocha, si daktari, si mama yangu. Savva pia hakuuliza.

Mlangoni wanaita kundi letu likapashe miili moto. Savva anagonga: "Gari la mizigo, twende!" Rodion yuko naye nje, naisikia sauti yake, anamwita Mila, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili si kwa upole.

Mila hajasimama. Ananitazama mdomo.

Nimemwambia asubiri nimalize sentensi hii, kisha nimjibu yote mawili