Nani Aligusa Saa ya Maji

Gando, Pemba. Alhamisi ya pili ya Septemba. Rasharasha asubuhi, kisha jua. Ni miaka arobaini na moja tangu nihame kisiwa hiki, na leo ni siku ya kumi na mbili ya matembezi yangu nyumbani kwa Mize, binti wa marehemu kaka yangu.

Nina furaha, na ndani yake mna aibu kidogo. Niieleze kwa utaratibu.

Mize na wenzake wanalima mwani. Kazi yao hufanywa siku chache za bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, kwa saa mbili tatu tu. Miaka miwili iliyopita, nikiwa Maskati ninakoishi, niliwaandikia programu ndogo inayowaonyesha kwenye simu saa ya maji kupwa. Aghalabu ilikuwa sahihi. Mara mojamoja ilichelewa saa nzima, wakafika pwani maji yanarudi, wakafunga nusu ya kamba na kurejea na mbegu zinanyauka makapuni. Waliniarifu kwa upole. Mwezi uliopita upole uliisha: Bi Riziki, mkubwa wao, alisema ikikosea tena bamvua hii wote wataifuta, na mimi nisiwaandikie nyingine.

Kila nilipokagua kule Maskati, niliona saa sahihi. Nikazishuku simu zao. Nikaishuku hesabu ya mwezi. Nilimshuku hata Mize kwamba anasoma vibaya, na hili naliungama.

Tangu nifike, haijakosea hata mara moja.

"Maji yanakuonea haya, Mzee," Bi Riziki aliniambia juzi pwani. "Basi tukufunge kigingini hapa, mwani wetu upone."

Nilipokuwa nikifundisha kuandika programu, niliwaambia wanafunzi: usipojua kosa liko mstari gani, usihangaike kuvizia mistari. Linda thamani. Chombo cha kusakia makosa kinakuruhusu kuweka mlinzi juu ya kigeu kimoja, yaani kile kisanduku chenye jina ambamo programu huhifadhi thamani fulani. Mlinzi hana anayemshuku. Anakaa kimya, programu inaendelea na kazi zake, na yeyote akibadilisha kilichomo, mlinzi husimamisha kila kitu na kukuonyesha thamani ya zamani, thamani mpya, na mstari uliofanya kitendo.

Nimeyafundisha haya miaka ishirini. Kwa programu yangu mwenyewe sikuyafanya, kwa sababu nilikuwa na hakika.

Leo baada ya chai, Mize na Bi Riziki wakiwapo, nikaiendesha programu kwenye kompyuta niliyokuja nayo, simu zetu zote zikisoma humo, nikaweka mlinzi juu ya saa ya kupwa. Mize akafungua simu yake. Kimya. Bi Riziki akafungua yake, akafunga, akafungua tena. Kimya. Saa nne na dakika tano, palepale.

"Na yako, ami?" akauliza Mize.

Kwenye yangu sikuwa nimeifungua programu hii tangu nifike. Ya nini, na bahari iko hatua mia kutoka mlangoni? Nikaifungua.

Mlinzi akasimamisha kila kitu.

Ya zamani: saa nne na dakika tano. Mpya: saa tano na dakika tano. Mstari ulikuwa wangu. Maskati iko mbele ya Pemba kwa saa moja, nami niliuandika ili nikiwa kule nijue, kwa saa ya ukutani kwangu, maji ya Gando yanakupwa wakati gani. Nilikusudia nione mimi peke yangu. Lakini kigeu kilikuwa kimoja, cha wote, na mpaka hesabu ya siku iliyofuata, kila aliyefungua alikuta saa ya Maskati. Simu yangu bado inafuata saa ya kule. Nimeizuia isijibadilishe, nijue wajukuu wameamka.

Kwa hiyo kila nilipokumbuka kwetu nikachungulia maji, niliwapotezea wenye maji saa nzima.

Niliwaeleza bila kujitetea, na Mize nikamwomba radhi. Bi Riziki alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga.

"Kumbe mwizi ndiye alotuletea polisi," akasema.

Ningeweza kuunda kigeu cha pili, changu pekee, nikabaki na saa yangu ya ukutani. Ni kazi ya dakika tano na naijua vizuri. Badala yake niliufuta mstari. Programu sasa haijui saa nyingine ila ya Gando. Tukajaribu upya kwa simu zote tatu, yangu ya mwisho, na mlinzi hakusimamisha kitu. Wakashuka pwani, maji yalikuwa pale yalipotakiwa kuwa, na kamba zote zikafungwa. Bi Riziki hajaifuta. Sidhani kama ataifuta tena.

Kazi hii imekwisha, na imekwisha vizuri. Haiyahitaji macho yangu.

Jioni Mize aliniuliza nitakuja tena lini. Nikamjibu inshallah, akatazama pembeni. Magoti yangu yamechoka, na mke wangu amezikwa Maskati. Mize husoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni, na jambo hili ni afadhali alisome hapa kuliko kulikisia. Jumapili naondoka. Sitarudi.