Shikamoo ya Mjomba

Mjukuu wangu Saidi,

Salamu nyingi zikufikie huko Tanga. Hapa Handeni mahindi yamekubali. Shangazi yako amehamia Mnyuzi kwa mumewe, kwa hiyo nyumbani nimebaki mimi na kuku wa marehemu bibi yako.

Unauliza kama kijana bado anaweza kupata kazi ya ukarani. Anaweza. Wakati wa Mjerumani, mimi nilijua kuandika tu, nikachukuliwa bomani Korogwe. Siku moja nikatumwa hapa kwetu kuorodhesha wanaume wa kupelekwa kwenye mkonge. Walipanga mstari, nami nikaandika bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, bwana karani."

"Marahaba. Jina?"

Nikatazama. Alikuwa mjomba wangu, aliyenilea tangu baba afe, kofia mkononi.

Nikaliandika jina lake. Alirudi salama kutoka shamba la mkonge la Ngombezi, lakini hakuniita tena mwanangu. Hadi anafariki, hata nikimkuta kwake anakula, alisimama akasema, "Shikamoo, bwana karani."

Kazi hiyo ichukue, Saidi. Ila inua kichwa kabla hujaitikia.

Ni mimi babu yako.