Barua ya Uhamisho

Alhamisi, Juni. Sumbawanga.

Na aliipiga taipu bila kosa hata moja. Hilo ndilo linaloniuma.

Asubuhi nilimpa Felista, mpiga taipu wetu, barua yangu ya kuomba uhamisho nirudi pwani. Niliandika kwamba hapa ni makao makuu ya mkoa kwa jina tu, pamejaa baridi na uchawi, hapamfai mtu aliyesoma. Sikukumbuka hata kidogo kwamba yeye ni Mfipa, mzaliwa wa hapa hapa mjini, mtaa wa Mazwi.

Saa nne akaileta, pamoja na viazi vya kuchemsha, kama kila siku tangu nifike.

"Kula, Ndugu, vingali vya moto." Alipofika mlangoni akageuka. "Nimetoa nakala tatu."

Nikatia sahihi mbele yake. Niliona haya kuirarua.

Sikuandika kwamba hapa sijaugua malaria hata mara moja. Wala kwamba baiskeli yangu inalala nje bila kufuli. Wala kwamba wiki ya kwanza, nikitetemeka kwenye chumba kitupu, Felista aliniletea blanketi kutoka kwao.

Ndilo nililojifunika sasa hivi.